Jinzi Chini ya Baibui

Niliipata Ruwi, duka la nyuma ya stendi ya mabasi,
chini ya rundo la suruali zinazovutika kama mpira.
Muuzaji alikuwa anakula. Hakusimama.
"Hiyo nzito, mama, hawaitaki,"
nami nikajua papo hapo kuwa ni yangu.

Nikaikunjua pindo kwanza. Nguo husema kweli pindoni:
ukingo mweupe uliofungwa na mfumaji, si na mkasi,
uzi mmoja mwekundu ndani yake,
mtande wa nili, mshindio haukutiwa rangi.
Nikapitisha ukucha. Ukucha ukalia.
Riali kumi na nne. Nikasema tisa.
Akatafuna.
Nikalipa kumi na moja na baisa mia tano,
nikatoka mbio kama niliyeiba.

Siku tatu niliswali nikihema.
Thuwaiba, jirani, akasema irudishe.
Jinzi njema ni mkwe mpya, nikamjibu,
haizoei nyumba kwa siku moja;
ile inayokuachia pumzi dukani
mwezi wa pili utaishikilia kwa mkono.

Miguu sasa: ilishonewa twiga.
Nikampelekea Shofiqul wa Wadi Kabir,
anayepima kwa macho, kisha kwa futi,
ili kuyaaibisha macho yake.
Akavunja sindano mbili kwenye mshono wa pembeni.
Akanidai za sindano. Nikalipa. Haki yake.

Nafundisha wanawake kuendesha gari.
Mawaleh, Al Khoudh, kila kipilefti cha Seeb
(twakiita hivyo, japo huku tunashika kulia).
Breki ya pili iko mguuni mwangu,
ndiyo maana goti la kulia limepauka kuliko mwenzake.
Mikunjo ya nyuma yake naweza kukusomea:
huu wa Badriya, aliyemwona ngamia akafumba macho;
huu wa Shinuna, aliyefeli mara sita,
ya saba akanipigia simu analia, nikadhani kafeli tena.
Mraba wa mfukoni ni simu. Duara, kikopo cha vidonge vya sukari.
Hakuna anayeviona. Baibui limefunika yote
isipokuwa vidole vinne vya buluu nikishuka garini.
Sikuinunua ionekane.

Wanaojua huniuliza nafuaje. Sifui.
Miezi mitatu, minne, naitundika ipigwe upepo,
doa nalipangusa, basi.
Siku ikifika: ndani nje, vifungo vimefungwa, maji baridi.
Lakini maji baridi, Maskati, mwezi wa sita?
Tangi liko juu ya dari; bomba la baridi lafaa kupikia chai.
Hapo yataka akili ya kinyume.
Nazima hita wiki nzima, maji yake yatulie ndani ya nyumba,
kisha nafungua bomba jekundu, la moto,
na baridi inatoka.
Siki kikombe. Sabuni chini ya unavyodhani. Usikamue.
Anika kivulini, kichwa chini,
jua letu litakula nili kwa adhuhuri moja.

Beseni hubaki na buluu kidogo.
Mama mkwe, mtu wa Bahla, aliliona akasimama.
Akasema bibi yake alikuwa na mikono hiyo,
ya nili, mpaka viwikoni,
mpaka siku walipomkosha.
Sikupata la kujibu.
Nikayamwaga maji kwenye mkomamanga.

Jana binti yangu Ilham kaleta jinzi yake,
mpya, imechanika magoti yote mawili, riali kumi na nane.
Nikamuuliza: nani kakufanyia kazi hiyo?
Nani alipiga magoti?
"Mama, ni mtindo."

Usiku nikamkuta chumbani kwangu, mbele ya kioo,
ndani ya yangu, kajipinda kutazama mguu wa kulia.
"Mbona imepauka huku tu?"
Nikamwambia kesho, baada ya alfajiri, njoo garini.
Kiuno kilikuwa kinambana. Nilimwona akivuta tumbo.
Nikanyamaza.